Mlango wa Kizimba Ufunguliwe Lini? Mhadhara Kuhusu Kindi Wanaolelewa na Watu

Mwaka 2004 jarida la Animal Welfare lilichapisha utafiti ambao mlezi yeyote wa wanyamapori huusoma akikunja uso. Watafiti waliwanasa kindi wa kijivu 38 katika vitongoji vya mji jimboni Maryland, Marekani, wakawapeleka kwenye msitu mkubwa na kuwaachia huko. Haikupita miezi mitatu. Ndani ya siku 88, kindi 37 kati ya wale 38 walikuwa wamekufa au wametoweka katika eneo walikoachiwa.

Hao walikuwa kindi wazima. Walizaliwa juu ya mti, wakanyonyeshwa na mama zao, wakapitisha utoto wao wakiwakwepa paka, magari na mwewe. Hakuna aliyewahi kunyweshwa maziwa kwa bomba la sindano wala kulazwa ndani ya boksi la viatu lenye kitambaa cha moto. Kilichowashinda ni ugeni: walitupwa mahali wasipojua mti upi una shimo, njia ipi ni ya kukimbilia, na shamba lipi la chakula lina wenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyowakuta wenye ujuzi, mtoto aliyelelewa jikoni kwa mtu atafanyaje?

Swali la mhadhara huu, basi, ni jepesi kuliuliza. Mtoto wa kindi ameokotwa chini ya mti hajafumbua macho, amelelewa na binadamu, amekua, amenona. Ni lini aachwe aende zake? Jibu la haraka huwa la tarakimu: wiki kumi na mbili, wengine husema kumi na nne, na gramu kadhaa juu ya mizani. Tarakimu hizo zina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kumwambia mlezi lini aanze kumchunguza mnyama. Hazimwambii lini amwachie. Yanayoamua hilo ni mambo yasiyopimika kwa gramu, na kubwa kuliko yote ni woga.

Msomaji wa Afrika Mashariki anawajua kindi wake: yule mwekundu wa vichaka vya pwani na Unguja, na yule wa ardhini anayechimba mashimo katika nyika kavu za kaskazini mwa Kenya. Anayezungumzwa hapa ni kindi wa kijivu wa mashariki ya Amerika Kaskazini, kwa sababu ndiye anayeokotwa na kulelewa kwa wingi kuliko wenzake wote. Jike huzaa mara mbili kwa mwaka chakula kikiwapo, kwanza baridi inapoelekea kwisha, kisha tena katika kiangazi. Mimba huchukua siku 44 hivi. Mtoto huzaliwa bila manyoya, haoni, hasikii, ana uzito wa gramu kumi na tano au zaidi kidogo. Akiwa mzima atafikia kati ya 400 na 600. Macho hufumbuka karibu wiki ya tano. Kunyonya hukoma taratibu kati ya wiki ya nane na ya kumi.

Mzao wa pili ndio wenye balaa. Watoto wa kiangazi huwa bado wamo kiotani msimu wa vimbunga unapofika, na kiota cha kindi mara nyingi si kitu zaidi ya tita la majani na vijiti kwenye panda ya mti. Kimbunga Florence kilipopiga North Carolina Septemba 2018, watoto wa kindi waliangushwa kwa mamia, na walezi wakajikuta na viumbe wengi kuliko mikono ya kuwalisha. Miaka isiyo na vimbunga, kazi hiyo hufanywa na misumeno ya wakata miti, na paka.

Kabla ya yote, mlezi anayejua kazi yake hamchukui mtoto mpaka mama apewe nafasi. Kindi jike huwa na kiota zaidi ya kimoja. Mtoto mzima asiye na jeraha akiwekwa kwenye boksi lenye joto chini ya mti ule ule, mchana, watu wakasogea mbali, mara nyingi mama hushuka, humwinua kwa mdomo na kumhamishia kiota cha akiba. Huo ndio uokoaji bora kuliko wote, na ndio unaorukwa zaidi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kumshika mtoto mkononi hataki tena kumrudisha chini.

Mama asipotokea, ndipo ulezi unapoanza, na ulezi ni kazi ya saa kwa saa. Mtoto aliyepoa hapewi maziwa. Kwanza hupashwa joto, kisha hupewa maji yenye chumvichumvi, halafu ndipo maziwa ya unga yanayotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Hunyweshwa kwa bomba dogo lililotolewa sindano, tone kwa tone, akiwa amekaa kifudifudi, maana akisukumiwa kwa nguvu maziwa huingia mapafuni na nimonia humuua. Kila baada ya mlo hupanguswa sehemu zake kwa pamba yenye uvuguvugu ili akojoe, kama ambavyo mama angemlamba. Mtu aliyefanya hivyo usiku na mchana kwa wiki kadhaa ana haki ya kumpenda mnyama yule. Shida ni kwamba ndiye huyo huyo anayetakiwa kuwa hakimu wa lini aachane naye.

Ukaguzi wenyewe huanzia kinywani na mifupani. Meno manne ya mbele ya kindi hukua maisha yake yote, na hubaki na urefu unaofaa kwa sababu tu ya juu na ya chini yanasagana. Mtoto aliyeanguka kutoka juu na kuumia taya anaweza kuwa na meno yaliyopishana. Hayo hayasagani, hurefuka, hujikunja, mengine huingia kwenye kaakaa. Mnyama wa namna hiyo huhitaji kukatwa meno mara kwa mara, na kumwachia ni kumhukumu kufa njaa, hata awe mwepesi namna gani.

Mifupa ni hadithi nyingine, na hii mara nyingi mkosaji ni mlezi mwenyewe. Kindi hupenda karanga, mahindi na mbegu za alizeti, na mtu mwema humpa anachokipenda. Vyakula hivyo vina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno. Mwili ukikosa kalisi huichota mifupani. Mnyama aliyekuwa akipanda pazia la dirisha huanza kulegea miguu ya nyuma. Siku nyingine huruka mruko wa kawaida tu na mfupa ukavunjika. Ndiyo maana walezi wazoefu huwalisha vidonge vile vya chakula cha panya wa maabara, majani mabichi, na pembe za kulungu zilizoanguka wazigugune, huku njugu zikija mwisho na kwa kiasi. Kindi mnene, mwenye manyoya ya kung'aa na mifupa ya chaki ni mmoja wa wanyama wanaodanganya mizani kirahisi kabisa.

Tuseme sasa meno ni mazima na mifupa ni migumu. Anajua nini? Hapa sayansi ina jibu zuri, na limetoka Ujerumani.

Mtafiti wa tabia za wanyama Irenäus Eibl-Eibesfeldt, katika kazi alizozichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 na baadaye, aliwalea kindi wekundu wa Ulaya katika vizimba visivyo na udongo, akiwapa chakula cha majimaji peke yake. Hawakuwahi kuona njugu wala kuchimba. Walipokua akawapa njugu. Walikula wakashiba, kisha wakafanya jambo ambalo hawakufundishwa na yeyote: walizunguka na njugu mdomoni wakitafuta mahali, wakaparuza sakafu ngumu kama wanaofukua, wakaiweka njugu, wakaigongagonga kwa pua, halafu wakapitisha viganja juu yake kuifunika kwa udongo ambao haukuwapo. Kuzika akiba, basi, kumo damuni. Mwaka 2006 Michael Steele wa Chuo Kikuu cha Wilkes, Pennsylvania, na wenzake walionyesha kitu cha jamii hiyo hiyo kwa kindi wa kijivu. Watoto waliokulia kizimbani, wasiowahi kuona msitu, walichagua kuzika zaidi kokwa za mwaloni mwekundu kuliko za mwaloni mweupe. Kokwa za mwaloni mwekundu hulala hadi majira ya kuchipua, kwa hiyo huhifadhika. Za mwaloni mweupe huota mapema katika msimu wa majani kupukutika na akiba ikapotea.

Lakini Eibl-Eibesfeldt aliona upande wa pili pia. Kupasua njugu hakukuja bure. Kindi asiye na uzoefu huigeuzageuza njugu, hutafuna hapa, huacha, hutafuna kule, mpaka ganda lote limejaa mikwaruzo, na mwisho hulitoboa kwa bahati. Baada ya kurudia mara nyingi mikwaruzo hupungua na kuelekea upande mmoja, ikifuata nyuzi za ganda. Kisha huchimba ufa mmoja, huingiza meno ya chini na kulipasua vipande viwili. Mwendo wa kutafuna anazaliwa nao. Mahali pa kutafuna anajifunza.

Kwa mlezi, tofauti hiyo ina maana kubwa. Hana haja ya kumfundisha kindi kuzika, na anayechimbachimba kwenye kochi hajathibitisha chochote. Lakini njugu zilizokwisha kumenywa zinamnyima mnyama shule. Anayetaka kujua mwanafunzi wake amefikia wapi aokote maganda chini ya kizimba asubuhi na kuyatazama. Ganda la njugu ya mti wa hikori, ambalo ni gumu hata kwa nyundo, lenye mikwaruzo kila upande na kiini bado kimo ndani, ni la mnyama ambaye angelala njaa usiku ule kama angekuwa msituni. Lililofunguliwa kwa tundu safi na kusafishwa ndani ni ushahidi kuliko wiki yoyote ya kalenda. Katika zana zote za ukaguzi hakuna iliyo rahisi zaidi ya hii, na ni ajabu jinsi inavyotumika kidogo.

Kuna ustadi mwingine ambao haupatikani ndani ya nyumba hata kidogo. Kurukia tawi jembamba linaloyumba kwa upepo hakufanani na kurukia kabati. Kwa hiyo wiki za mwisho, kama mwezi mmoja au zaidi, hupitishwa nje, katika kizimba kikubwa kilicho wazi kwa jua, mvua na baridi ya usiku, chenye matawi halisi yanayobadilishwa, majani makavu ya kujengea, na sanduku la kulala. Kindi anayekusanya majani na kulijaza sanduku lake amepiga hatua. Anayekaa amejikunyata pembeni kila mvua inaponyesha bado.

Huko nje ndiko woga unakopimwa pia.

Wapo watu wanaoamini kwamba mnyama akiwapenda wao na kuwaogopa wengine wote, hapo pana usalama. Historia ya Kenya ina majibu mawili makali. Mwaka 1974 Daphne Sheldrick, aliyekuwa akiishi Tsavo, alikuwa amefanikiwa kumlea ndama wa tembo aliyeitwa Aisha, baada ya kupata mchanganyiko wa maziwa uliotiwa mafuta ya nazi. Alisafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake. Aisha akakataa chakula, akafa. Maziwa yalikuwa sawa. Kosa, kama Sheldrick mwenyewe alivyolieleza maisha yake yote, lilikuwa kumwachia ndama ashikamane na mtu mmoja. Ndiyo maana hadi leo katika kituo cha watoto wa tembo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi walezi hupokezana, na anayelala na ndama leo siye atakayelala naye kesho. Jibu la pili lilitoka Kora, mwaka 1971. Simba aliyeitwa Boy, aliyetumika katika filamu ya Born Free kisha akarudishwa porini na George Adamson, alimuua mmoja wa wafanyakazi wa Adamson, na Adamson akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea.

Kindi hamuui mtu, lakini kanuni ni ile ile kwa kipimo kidogo. Kindi asiyeogopa watu humrukia mgongoni mtoto anayepita bustanini; mtoto hupiga kelele, mtu mzima hushika fimbo. Mwingine huteremka kumkaribia mbwa. Hapa pana kosa la nyumbani linalostahili kutajwa wazi: mlezi mwenye paka mpole, anayelala kwenye zulia huku kindi wakicheza, huona picha ya amani. Mnyama mdogo anachojifunza pale ni kwamba paka hana madhara. Atakutana na paka wa jirani.

Dawa inayojulikana ni kindi wenzake. Mtoto mmoja aliyelelewa peke yake humtazama binadamu kama kindi. Akiunganishwa mapema na wengine watatu au wanne wa umri wake hugombana nao, hulala nao, na mlezi huanza kumchosha. Karibu wiki ya kumi na mbili wengi hubadilika wenyewe. Mkono ulioleta maziwa sasa hung'atwa. Mlezi mpya huumia moyo na kudhani amemkosea mnyama, ilhali hicho ndicho cheti. Kizimbani, mtu akikaribia, kundi lote linapaswa kukimbilia juu au kuganda kwenye gogo; mbwa akipita nje, mikia ipigwe na kelele za tahadhari zitoke; kivuli cha mwewe kikipita, kimya. Kundi linaloshuka kukulaki lirudishwe kwenye kusubiri, na aliyelilea aanze kulisha bila kuongea wala kuonekana.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba kindi wa mijini hawaogopi mtu vile. Ni kweli. Katika sensa ya Oktoba 2018 watu wa kujitolea walikadiria kindi 2,373 katika bustani ya Central Park, New York, na baadhi yao hupokea njugu mkononi. Hata asili ya kindi wa mijini ni zawadi ya binadamu: mwaka 1847 kindi watatu waliachiwa katika Franklin Square, Philadelphia, wakawekewa chakula na masanduku ya kulala. Ila kindi wa bustani amejifunza kuchagua. Anapokea njugu na jicho moja liko kwa mbwa, na mti uko hatua tatu nyuma yake. Aliyelelewa jikoni hajachagua kitu. Anakuja tu.

Mahali na majira navyo vina sauti. Sheria za majimbo mengi ya Marekani humtaka mlezi awe na kibali, na baadhi huelekeza mnyama arudishwe karibu na alikotoka. Uingereza imefunga mlango kabisa kwa kindi wa kijivu: aliingizwa huko mwaka 1876, Henbury, Cheshire, akaeneza ndui ya kindi inayowaua kindi wekundu wa wenyeji, na tangu Desemba 2019 ni kosa kumwachia hata aliyetibiwa akapona. Mkulima wa Cape Town, ambako kindi huyo huyo aliletwa na Cecil Rhodes, angeielewa sheria hiyo bila kuelezwa.

Panaporuhusiwa, panahitajika miti mikubwa ya mialoni au hikori, maji, na umbali kutoka barabarani. Kindi wenyeji wachache ni ishara nzuri kwamba pana chakula. Wakijaa sana, mgeni atafukuzwa. Mvua kubwa inayotabiriwa, au msimu wa uwindaji ulioanza, ni sababu tosha ya kuahirisha.

Namna ya kuachia ndiyo inayotenganisha kazi hii na yale ya Maryland. Kizimba kikiwa chini ya miti ile ile watakayoishi, kindi hupewa wiki kadhaa kusikia sauti na kunusa harufu za pale. Kisha asubuhi moja tulivu mlango huachwa wazi, na mlezi huondoka. Wengine hutoka mara moja, wengine kesho. Chakula huendelea kuwekwa, kikipunguzwa, na sanduku lao la kulala hubaki mtini. Kurudi si dalili ya kushindwa. Ithumba, kaskazini mwa Tsavo Mashariki, tembo yatima waliokwisha kuhamia porini hurudi wanapotaka, wengine wakiwa na ndama waliozaa huko, na hakuna anayewahesabia hilo kama kosa la malezi.

Hata hivyo mlezi asitarajie muujiza. Kwa kindi wa kijivu waliozaliwa porini na kulelewa na mama zao, karibu robo tatu hawaumalizi mwaka wa kwanza. Hicho ndicho kipimo cha haki cha kazi yake.

Mabishano yanayobaki kwa walezi ni juu ya watoto wa mzao wa pili. Aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti hufikia wiki ya kumi na mbili katikati ya Novemba, kokwa zimekwisha kuzikwa na wenzake, majani ya kujengea yamelowa, usiku unaganda. Wapo wanaomwachia hivyo hivyo, wakihofu kwamba miezi mingine kizimbani itamfanya azoee watu. Hofu hiyo ina msingi, lakini porini watoto wa mzao huo mara nyingi hupitisha baridi katika kiota kimoja na mama yao, na hakuna sababu ya kumtaka yatima afanye peke yake kile ambacho mwenye mama hafanyi. Wakae kundi zima, nje, katika kizimba chenye sanduku lililojaa majani makavu, walishwe bila kuguswa wala kusemeshwa, na mlango ufunguliwe machipukizi ya mialoni yanapotoka. Na ikiwa kizimba cha nje cha kuwahifadhi miezi hiyo hakipo, basi mlezi aliyeelemewa afanye mapema, Septemba ile ile, jambo ambalo wengi hulifanya wakiwa wamechelewa: awapeleke kwa mwenzake mwenye kibali na kizimba cha namna hiyo.